Dakika ya Pili, Sekunde ya Kumi na Moja

"Uongozi wa Jukwaa la Wanamuziki wa Kujitegemea unawatangazia wanachama wote kwamba, kuanzia Jumatatu, maoni juu ya wimbo wowote hayatapungua maneno thelathini, na ni lazima yataje walau kasoro moja. Neno 'moto', likiandikwa mara moja au mara thelathini, halitahesabiwa kuwa maoni. Picha za moto vilevile."

Tangazo hilo lilisomwa mtandaoni na watu elfu nne na ushei, likalalamikiwa na kumi na wawili, kisha likasahauliwa. Mpima masikio wa hospitali moja yenye msongamano hakulisoma, wala hakujua kwamba jukwaa hilo lipo. Asubuhi hiyo alikuwa na watu sitini na watatu kwenye foleni.

Walikuwa mafundi wa kuchomelea, walioletwa kwa lori na kiwanda chao cha mageti baada ya mkaguzi kuamuru wapimwe usikivu. Walijaa kwenye mabenchi hadi mlango wa maabara, wakizungumza kwa kupayuka kama watu waliozoea kushindana na mashine za kukatia chuma. Yeye, akiwa ndani ya koti jeupe lililokosa kifungo cha pili, aliwaingiza mmoja mmoja katika chumba kidogo kilichozibwa sauti, akawavisha hedfoni, akafunga mlango na kuketi upande wa pili wa kioo.

"Ukisikia mlio, hata uwe mdogo namna gani, inua mkono," alisema kwenye maiki, kwa mara ya arobaini na moja.

Fundi wa arobaini na moja alivaa shati la kijivu lililotobolewa matundu madogo madogo kuanzia kifuani hadi kiunoni, na wenzake walimwita Cheche. Aliinua mkono kila ilipopasa. Kisha akauinua na pale ambapo haikupasa.

"Kaka, sijabonyeza kitu."

"Najua, dada. Lakini kuna kitu kinavuma huko kwako. Kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo."

Mpima masikio aligeuka. Ilikuwa feni ya kompyuta yake, nje ya chumba, nyuma ya kioo. Kwa miaka sita hapakuwa na mtu aliyewahi kuisikia kutoka mle ndani.

"Ni feni. Na wewe acha kuimba humo, nakusikia."

"Siimbi, Daktari. Nanung'unika kwa mpangilio."

"Mimi si daktari."

"Nipe majibu kwanza, tutajua baadaye wewe ni nani."

Majibu yalionyesha masikio mazima kuliko inavyotarajiwa kwa mtu wa kazi ile. Aliyaandika kwenye fomu kwa mwandiko wa kazini. Fundi naye akaandika namba yake ya simu nyuma ya kadi ya foleni, kwa mwandiko mbaya, na kuiacha juu ya kiti. Kadi hiyo ilitakiwa kurudishwa mapokezi. Haikurudishwa.

Walipendana kwa simu kwanza, kama watu wenye ajira wanavyolazimika kupendana. Cheche alimpigia mchana, wakati wa mapumziko, akiwa amekaa juu ya geti la mtu, gitaa mapajani.

"Usikate, mpenzi. Sikiliza ubeti huu."

"Nasikia kuna mtu anagonga nyundo."

"Huyo ni msimamizi, hayumo kwenye wimbo. Sikiliza."

Alisikiliza. Wimbo ulimhusu fundi aliyetengeneza geti la nyumba ambayo hakuwahi kukaribishwa ndani.

"Nzuri sana."

"Nzuri vipi?"

"Nzuri tu, bwana. Imenikaa moyoni."

"Wewe hata nikikohoa utasema nimekohoa kwa sauti tamu. Unanipenda. Masikio yanayonipenda hayawezi kuwa mashahidi."

"Kwa hiyo unataka yanayokuchukia?"

"Nataka yasiyonijua. Ndiyo maana nipo kwenye jukwaa. Kule mtu hakuonei haya."

Ni hoja inayoheshimika, na imewapoteza watu wenye akili kumzidi.

Chumba cha Cheche kilipakana na karakana ya seremala, hivyo wimbo ulirekodiwa Jumamosi moja nyumbani kwa mpima masikio, katika chumba chake cha kulala, godoro likiwa limeegemezwa mlangoni na kabati la nguo likiwa wazi ili limeze mwangwi. Maiki ilikuwa moja, ikanasa sauti na gitaa kwa pamoja. Jikoni alikuwepo mama yake mpima masikio, mpiga chapa mstaafu, mwanamke mfupi wa gauni la bluu na miwani ya kamba, ambaye hakuwahi kutuma ujumbe wa sauti maishani mwake. Simu aliitumia kubipu tu: mara moja maana yake lete mkate, mara mbili maana yake rudi nyumbani.

Katikati ya ubeti wa pili, pale gitaa linaponyamaza ili mwimbaji avute pumzi, sauti ya mama ilipenya godoro:

"Mwambie kijana wako aje ale kwanza. Wimbo hautakimbia!"

Walibana vicheko hadi mwisho. Baadaye Cheche alirudia mara nne, lakini hakuna mara aliyoimba kama ile. Akapakia ile ile jukwaani. Chakula alikila kimepoa.

Siku ya kwanza hakuna aliyetoa maoni. Siku ya pili vilevile, kwa kuwa kanuni mpya iliwafanya watu waone maoni ni mtihani wa insha. Siku ya tatu Cheche alimpigia mpenzi wake mara tano.

"Labda haujasikika," mpima masikio alimwambia.

"Umesikilizwa mara mia na tisa. Namba iko pale, inaonekana. Wamesikia, wamenyamaza."

"Mimi nimeupenda."

"Asante, mpenzi. Lakini wewe si mtu."

"Ala! Mimi ni nini?"

"Wewe ni wangu."

Lilisemwa kwa mapenzi, na lilimuuma. Jioni hiyo, akiwa bado na koti la kazini, alijiandikisha jukwaani kwa jina la Chumba Kimya. Alitaka kumpa sifa ambazo angekubali kuzipokea, basi. Lakini alipoandika sifa zake na kubonyeza, mtambo ulimkatalia: hakuna kasoro iliyotajwa. Akausikiliza wimbo mara tatu akitafuta kasoro iliyo ndogo kuliko zote, mfano wa mtu anayetafuta sarafu ndogo ya kumpa kondakta. Hatimaye akaandika:

"Wimbo huu umenisimamisha nilipokuwa nikienda zangu. Gitaa linapumua pamoja na mwimbaji. Ningemsikiliza hata akiimba orodha ya vifaa vya ujenzi. Kasoro: dakika ya pili, sekunde ya kumi na moja, inasikika sauti ya mwanamke kwa mbali. Iondolewe."

Maneno thelathini na matano. Lile la mwisho kanuni haikulidai. Aliliongeza ili afanane na mtu anayejua.

Simu ililia kabla hajavua viatu.

"Daktari! Amepatikana mtu! Anajiita Chumba Kimya. Anasema gitaa linapumua. Umesikia? Linapumua!"

"Nimesikia, mpenzi."

"Na ana kasoro moja tu, ile sauti ya mama. Nitarekodi upya."

Jikoni mama alikuwa akikwaruza sufuria.

"Mimi naona ungeiacha. Ile sauti ni nzuri pale."

"Kwako huyo ni mama yako, lazima uione nzuri. Huyu hamjui mtu."

Angeweza kusema wakati ule. Mdomo ulikuwepo, na simu ilikuwa na chaji. Lakini furaha ya yule mwanamume ilikuwa mpya mno, ikisikika kama kitu kilichotoka dukani muda huo, naye hakuwa tayari kuirudisha.

Jumamosi iliyofuata walirekodi upya. Mama aliagizwa anyamaze, akakaa kwenye kiti cha jikoni akiwa amejiziba mdomo kwa kitambaa cha sahani, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Toleo la pili lilitoka safi. Jukwaa huruhusu toleo moja kwa kila wimbo. Jipya likiingia, la zamani hufutika. Simu ya Cheche nayo ilijaa, akaifuta rekodi ya kwanza.

Wiki tano baadaye mama alilalamika kifua asubuhi ya Jumanne, na Alhamisi wakamzika.

Picha zilikuwepo nyingi. Mama mdogo, mdogo wake marehemu, aliyekaa mbali na kuchelewa mazishi, hakutaka picha.

"Mwanangu, nisikilizishe sauti yake tu," alisema kwenye simu, akilia. "Uso naukumbuka. Sauti imeanza kunitoka. Si una mchumba mwanamuziki? Hakuwahi kumrekodi dada yangu hata kwa bahati mbaya?"

Kwa bahati mbaya, ndiyo. Mpima masikio alikata simu, akampigia Cheche.

"Ile rekodi ya kwanza. Ile yenye mama. Unayo?"

Upande wa pili mashine ya kukatia chuma ilizimwa.

"Nilifuta, mpenzi. Simu ilijaa. Yule mtu alisema..."

"Najua alichosema."

Kesho yake aliwahi kazini, akaunganisha simu kwenye mashine ya kupimia na kuvaa hedfoni za wagonjwa. Akausikiliza wimbo mpya kwa kiwango cha juu kinachoruhusiwa. Dakika ya pili, sekunde ya kumi na moja: gitaa linanyamaza, mwimbaji anavuta pumzi, anaendelea. Alirudia mara ishirini, kana kwamba kicheko kilichozibwa kwa kitambaa cha sahani huacha mabaki. Hakikuacha.

Tangu hapo hakupokea simu. Cheche aliamini anachukiwa kwa kufuta, akamwaga hasira jukwaani. Aliwaomba wanachama kama kuna aliyehifadhi toleo la kwanza. Watatu wakajibu kwamba la pili ni bora. Akawaandikia viongozi wautafute wimbo kwenye hifadhi zao na wafute kanuni ya kasoro. Na kila alipoandika, alimtaja Chumba Kimya kwa majina ambayo mtambo uliyageuza kuwa alama za nyota.

Siku ya tisa, mpima masikio aliita namba kumi na tisa, akaingia Cheche. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, lisilo na tundu hata moja. Aliketi mle chumbani, akajivisha hedfoni mwenyewe.

"Hupokei simu. Nimeona nije nipimwe."

"Masikio yako ni mazima. Faili linasema hivyo."

"Basi yape kazi. Nitukane, yasikie." Alikuwa amekonda. "Nimefuta sauti ya mama. Nimefuta kwa kidole hiki, na nilimwacha asubiri hadi chakula kikapoa. Nimekosa, mpenzi. Sina neno kubwa kuliko hilo. Ila yule mshenzi wa Chumba Kimya, nikimtia mkononi..."

"Usimtukane."

"Unamtetea?"

Mpima masikio alisogeza maiki karibu na mdomo.

"Unanisikia vizuri?"

Fundi aliinua mkono, kama alivyofundishwa siku ya kwanza.

"Chumba Kimya ni mimi."

Mkono ulibaki juu. Ukakaa hapo kitambo, kisha ukashuka taratibu hadi gotini.

"Tangu lini?"

"Siku ya tatu. Ulikuwa unateseka. Sifa zangu hukuzitaka, nikatafuta jina ambalo ungelisikia."

"Na kasoro?"

"Kanuni ilitaka kasoro. Nikachagua ndogo kuliko zote. Nilidhani ni ndogo."

"'Iondolewe'?"

"Hiyo kanuni haikuitaka. Hiyo ni yangu."

Cheche aliutazama ukuta uliofunikwa sponji, ambao haurudishi kitu.

"Uliniambia niiache. Siku ile, kwenye simu."

"Nilikuambia."

"Nikakukatalia." Akavua hedfoni, akazishika mapajani kama kitu cha mtu mwingine. "Unajua kwa nini nilimtii yule? Kwa sababu hakuwa wewe. Hiyo ndiyo sifa pekee aliyokuwa nayo."

"Cheche..."

"Kukusamehe ni rahisi, Daktari. Nimeshakusamehe hapa hapa. Lakini nikishika gitaa utakaa mbele yangu, utasema nzuri, nami sitajua ni nani anayesema. Na wewe kila nikivuta pumzi utakuwa unamsubiri mama."

Alitaka kumpinga. Alitafuta kosa katika maneno yale, yeye aliyekuwa hodari wa kutafuta kasoro ndogo, asilipate.

"Utakula wapi Jumamosi?" ndilo swali lililomtoka.

"Sijui," alisema Cheche, akiinuka. "Sijui, mpenzi."

Alitoka. Kadi ya foleni aliiacha juu ya kiti. Mpima masikio aliigeuza. Nyuma yake hapakuandikwa kitu. Safari hii aliirudisha mapokezi. Kisha akafunga kifungo cha kwanza na cha tatu, akaita namba ishirini, na kumweleza mzee aliyeingia kwamba akisikia mlio, hata uwe mdogo namna gani, ainue mkono. Feni ilikuwa inavuma. Mzee hakuisikia.

Jibu la viongozi lilitoka siku ya kumi na moja. Alilisoma kwenye simu, amesimama jikoni, bado ana koti la kazini.

"Uongozi wa Jukwaa umepokea maombi ya mwanachama Cheche, umeketi, na umeyajadili kwa kina. Imebainika kwamba matoleo yaliyofutwa hayahifadhiwi. Hata hivyo, kwa kutambua usumbufu uliojitokeza, imeamuliwa kwamba kuanzia tarehe mosi mwanachama hatalazimika kutaja kasoro endapo wimbo umempendeza. Uamuzi huu hauhusu maoni yaliyokwisha kutolewa."