Mti wa Kusukumia Unga

Chini ya dari la matao katikati ya mji wa Bologna, Italia, ukinong'ona ukutani kwenye kona moja, aliye kona ya mkabala anakusikia hata umati ukipita katikati. Ornella alijua hilo tangu utotoni. Alichosahau Jumatatu ile ni kuangalia kama kona ya pili ina mtu.

"Nimechoka na jiko la mama," aliuambia ukuta. "Nataka kutoka."

"Basi toka," ukuta ukajibu.

Alikuwa Tazio, fundi wa kurekebisha picha za kale makanisani, suruali ya bluu imejaa chokaa. Siku hiyohiyo alimpandisha kwenye jukwaa lake la mbao, akamwonyesha malaika aliyekuwa akimsafisha uso. Kisha wakakaa ngazini pa San Petronio, kanisa ambalo marumaru yake imeishia nusu ya ukuta tangu enzi za mababu. Ornella alisema maisha yake ndivyo yalivyo. Tazio akamwambia aache kujidekeza. Kufikia jioni, penzi lilishawaingia.

Mwaka mzima walipendana Jumatatu tu, siku ambayo mkahawa wa Bi Iolanda, mama yake Ornella, hufungwa. Siku nyingine zote binti alisukuma unga tangu alfajiri, kwa kuwa mikono ya mama ilishaanza kutetemeka na hakukuwa na mwingine. Alimpenda mama yake, na hapo ndipo alipofungwa.

Kisha Tazio akapata kazi Palermo, mbali kusini, ya miaka mitatu. Treni yake ilikuwa Jumapili saa kumi na moja jioni. Mchana wa siku hiyo alikuja mkahawani amevaa koti la kuazima, akamwomba Bi Iolanda awaruhusu waende wote.

Mama aliwakalisha mezani. Aliwawekea tortelini, vitambi vilivyojazwa nyama, kwenye supu ya moto, akaingia jikoni, akarudi na mti wa kusukumia unga wa marehemu bibi, mrefu kama mkono wa mtu. Akampa Ornella mbele ya wateja. Katika familia ile kila mtu alijua maana yake: anayeupokea, jiko ni lake. Ornella aliupokea. Tazio akaweka kijiko chini, akatoka.

Ornella alimpigia simu huku akimkimbilia.

"Umeshachagua, kipenzi. Nimeona kwa macho yangu."

"Sikuchagua. Mikono ya mama inatetemeka, ungeanguka. Nilidaka tu."

"Miaka yote unadaka, Ornella." Akakata.

Miguu ilimfikisha kwenye ile kona, aproni kiunoni, mti kwapani. Alilia uso ukutani.

"Nitazeekea humo," alinong'ona.

"Mimi nilizeekea," ukuta ukasema.

Kwenye kona ya pili alisimama Bi Iolanda, aliyemfuata nyuma, kampa mgongo. Ana kwa ana asingeweza kuyasema. Alimsimulia kwamba ujanani alipendana na mwashi wa Genova, na siku alipotaka kumfuata, bibi alimpa mti uleule.

"Nikaelewa kama ulivyoelewa wewe, nikabaki. Ukweli bibi yako alikuja kuniambia akiwa kitandani anakufa, nami nina miaka hamsini. Kumbe alinipa mti ili niondoke nao."

"Kwa nini hukusema mezani?"

"Nilidhani utaelewa. Nyumbani kwetu nani husema?"

"Na jiko, mama?"

"Jumatatu tunafunga. Tutafunga na Jumanne." Akaugonga ukuta kwa kidole. "Toka, mwanangu. Treni haitakungoja."

Ornella alipogeuka, mama alikuwa tayari anapenya umati kurudi kwa wateja wake, anajifuta macho kwa kiwiko. Ornella alipiga simu. Tazio alipokea kwenye mlio wa kwanza.

"Nishikie kiti," Ornella alisema. "Nakuja na aproni na mti wa bibi."

"Na ruhusa ya mama?"

"Alishatupatia palepale mezani. Sisi ndio tulioinuka mapema."