Tarehe Ndani ya Mfuniko

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi saa kama babu yake aliyekwenda ng'ambo asirudi. Mama yake alimtuma ofisi ya kumbukumbu: "Niulizie tu baba yangu alizikwa wapi." Akaenda.

Karani akamletea bahasha iliyofungwa kwa lakiri. "Ni saa yake, kaka. Haijafunguliwa miaka hamsini."

Umeme ukakatika. Gizani kitu kikakwaruza, krr, krr.

"Panya hao," karani alisema.

Taa ziliporudi, rafiki yangu alivunja lakiri, akaitoa saa na kubandua mfuniko wake wa shaba wa nyuma. Mafundi wa ukoo wao hukwaruza humo tarehe ya kila matengenezo. Zilipangana, zote kwa mwandiko wa babu. Ya mwisho ilikuwa ya siku ile ile, na vumbi la shaba likamdondokea kiganjani, bado lina joto.