Kituo cha Bandarini Kilichokatwa Kinywani Mwangu

Sauti iliyonishtua ilikuwa yangu mwenyewe.

Ilitoka katika spika za ukumbi mmoja wa Gombani, mbele ya wakubwa na wageni, ikisema kwa upole: "Kituo kinachofuata ni Jadida. Kila ntu ashuke kwa salama." Mimi nilikuwa nimekaa safu ya nyuma... na mdomo wangu umefungwa!

Nina umri wa miaka ishirini na saba, mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika mipango miji. Nawaandikieni, wasomaji wenzangu, kwa sababu nimechoka kuambiwa kwamba msichana mwenye heshima hunyamaza.

Utafiti wangu ulihusu mji wa Wete. Niliuwaza mji ulioshikana: nyumba za ghorofa zilizosogeleana kando ya njia ya mabasi ya umeme, ili mikarafuu na mabonde ya mpunga yasiendelee kumezwa na viwanja. Kila kituo kingekuwa na kioo cha kuonesha basi liko wapi, na ndani ya basi kungekuwa na sauti ya kumwelekeza asiyejua kusoma. Kituo cha mwisho, ambacho kwangu kilikuwa moyo wa mpango mzima, kilikuwa Bandarini, wanaposhukia watu wa kisiwa cha Fundo.

Kwa nini Bandarini? Kwa sababu mama yangu, Bi Mkasi, ni mtu wa Fundo. Kila anapoleta pweza sokoni hupandisha kilima kutoka bandarini na ndoo kichwani, na magoti yake yamekwisha. Mji utajiitaje wa kisasa ikiwa umeyasahau magoti hayo?

Sauti za vituo nilizirekodi kwa simu, nimejifunika khanga ili chumba kisitoe mwangwi. Nilisema "ntu", kama tusemavyo Pemba, si "mtu". Nililifikiria neno hilo siku nyingi, nikalifuta, nikalirudisha... Mwishowe niliamua kwamba basi la kwetu liseme na watu kwa lugha yao.

Kisha posa ikaletwa. Aliyeniposa, Nassor, kijana wa Unguja, alikuwa mwajiriwa wa kampuni ya ushauri wa mipango miji. Aliniomba kazi yangu yote aiwasilishe mbele ya kamati ya mji kwa niaba yetu sote wawili. Nikampa! Sikudai jina langu liandikwe popote. Ningedaije? Kwetu, kumtaka mchumba ushahidi ni kuwaambia wazee wake kwamba wameleta posa ya mwizi.

Ndipo siku ile ukumbini nikamsikia akitangaza kuwa sauti ile imetengenezwa na kompyuta za kampuni yao. Kompyuta! Kompyuta gani duniani inayosema "ntu"?

Hata hivyo nilimtetea moyoni. Huenda ameteleza ulimi. Huenda atanitaja mwishoni. Nikakisubiri kituo changu... Sauti yangu ikasema: "Kituo cha mwisho ni Sokoni."

Sikuwahi kuyatamka maneno hayo! Alikuwa ameyaunga kwa vipande vya matangazo mengine ya kinywa changu. Nilikuwa nikimfukuza mama yangu ndani ya basi kwa sauti yangu mwenyewe!

Nilimfuata nje.

"Bandarini iko wapi, Nassor?"

"Pale pana mwekezaji anapataka. Na watu wa Fundo wameshazoea miguu, bibi wee." Akacheka. "Furahi basi! Wageni wameipenda mno hiyo 'ntu' yako. Kwani chako si changu?"

Nilimuuliza kipi chake ni changu. Akageuka, akarudi kwa wageni wake.

Nyumbani, shangazi alinisihi nistahamili. Posa imeshapokelewa, watu watasema nini? Nami, kwa tabia yangu, nikaanza kupima tena. Nikimfichua, uchumba umekufa. Nikinyamaza, kituo kimekufa...

Mama alikuwa akimpiga pweza alainike. Hakuinua hata uso.

"Ntu kankatia kituo leo, kesho si atankatia na nlango wako?" akasema. "Miye kilima ntapanda, nimezoea. Weye je, utazoea?" Akampiga pweza tena. "Na huyo kompyuta mwambieni aje anipokee, nkono umechoka!"

Nililia, kisha nikacheka, kisha nikaivua pete ya uchumba.

Dada zangu mnaosoma, nawasihi: msikabidhi jasho lenu kwa sababu mmeposwa. Anayekupenda hatashindwa kulitaja jina lako mbele ya watu. Wataniita mkaidi. Na waniite! Naona aibu ya nini? Si mimi niliyeiba.

Ukumbini, mwenyekiti wa kamati, Bi Saada, alikuwa ametoa namba yake: mwenye pingamizi ampigie kabla mpango haujapitishwa. Nilipanga hoja zangu kwa mfuatano, nikazisoma, nikazisahihisha. Nikapiga.

"Halo? Nani mwenzangu?"

Hoja zote zikanipotea! Nikavuta pumzi, nikasema kwa upole ule ule:

"Kituo kinachofuata ni Bandarini, kwa wanaotoka na wanaokwenda Fundo. Kila ntu ashuke kwa salama."

"Subhanallah! Wewe si ile kompyuta?"

"Si kompyuta, Bi Saada," nikamjibu. "Ni Maryam, mtoto wa Bi Mkasi wa Fundo. Na safari haiishii Sokoni."