Kikuba cha Msafiri wa Aden

Aliyefikwa na haya ni rafiki yangu Mcha wa Mkunazini, mtu ambaye hata matangani akikaa, wafiwa hucheka. Siku hiyo mkewe Tabia alikuwa anarudi kwa ndege kutoka matibabuni Aden. Asubuhi mama yake Mcha alimtungia mkwewe kikuba cha asmini na rehani, cha kubandika kifuani, na kwa kuwa uzi mweupe ulikwisha, akakifunga kwa mwekundu.

Uwanjani Mcha akamuuliza karani, "Aden mbali gani, bwana?"

"Maili elfu na mia kadhaa. Wameruka alfajiri, watatua alasiri."

"Basi atanikuta nshazeeka!"

Alasiri ndege ikatua. Tabia akashuka, buibui limembana mpaka shingoni, mkono wa baridi. Ndani ya teksi Mcha akasema kwa niaba ya wawili.

Walipofika nyumbani, ukumbini madirisha yalikuwa yamefungwa, kiza kimetanda. Mama akapaza sauti kutoka jikoni, "Ulikuwa wapi wewe? Mkeo kafika tangu adhuhuri! Nshampa kikuba chake, yumo chooni anaoga."

"Mama! Adhuhuri ndege ilikuwa bado i angani!"

Chooni kata ikagonga pipa, maji yakamwagika, kata ikagonga tena. Kisha ikaja sauti ya Tabia, ile ile anayoijua Mcha tangu harusini:

"Mama, nani kanichukulia kikuba changu?"

Mcha akamgeukia aliyesimama naye. Alikuwa akifungua buibui taratibu. Kifuani pake palikuwa na asmini mbichi, zingali na maji, zimefungwa kwa uzi mwekundu.