Mikia ya Panya wa Mjomba Djaffar

Kitendawili! Nina magamba, na bahari siijui. Mmeshindwa? Nipeni mji. Haya, mimi nimechukua Mahajanga, nanyi chukueni jibu: mkia wa panya.

Hayrat aliijua mikia hiyo vizuri. Kila jioni, akitoka shuleni ambako bendera mpya ya uhuru ilipepea, alimsaidia mjomba wake Djaffar, mtunza panya weupe wa maabara. Panya wa kizimba cha kushoto walipakwa mikiani mafuta ya nazi matupu. Wa kulia walipakwa mafuta yaliyochemshwa na majani ya bibi yake wa kisiwa cha Nosy Be. Mjomba alitaka kuona kama majani yatalainisha magamba bila kuumiza ngozi. Yakifaa, yangejaribiwa kwa mama yake Hayrat, ambaye viwiko na magoti yake yalijaa mabaka mekundu yenye magamba meupe. Ugonjwa huo hauambukizi, lakini kule kijijini kwake, kisimani, watu walimnyima kata ya maji.

Siku zikapita, magamba ya panya yako palepale. Na mama alikuwa anakuja mjini kwa Maulidi! Hayrat akachukua jiwe la matumbawe, lile ambalo wanawake husagia msindzano, liwa la kujipaka usoni. Akaisugua mikia ya panya wa kulia mpaka ikang'aa.

Asubuhi mjomba akainama kizimbani, akashika kichwa.

"Imechubuka! Hayrat mwanangu, uliwapaka tu, kama nilivyokuonyesha?"

"Ndiyo, mjomba."

"Basi majani haya yanaunguza. Hayatamgusa dada yangu." Akabeba kopo la dawa, akaelekea shimo la taka.

Uso wa Hayrat ukawaka moto. Majani hayakuwa na kosa hata chembe, nayo yanatupwa kwa ajili ya uongo wake!

"Mjomba, ngoja! Usiyamwage! Mimi nimewasugua... kwa jiwe la msindzano."

"Jiwe? Ala! Ulikuwa unawapamba panya waende harusini?"

Hayrat hakucheka. Alitamani ardhi impasukie aingie.

Mjomba akalirudisha kopo mahali pake. "Hawa watapumzika wapone, nasi tutaanza upya na wengine. Sasa nisikilize. Dawa ikishindwa kwa haki, tutatafuta nyingine. Lakini kwa uongo wako tungetupa dawa ambayo pengine ni nzuri. Au, mikia ingeng'aa tu, ningeisifu bure, mama yako akaipaka asipone, akapoteza matumaini. Anayejaribu dawa husema alichokiona, si anachokitamani." Akamtazama. "Lakini haraka yote hii ilikuwa ya nini?"

Hayrat alileta maji ya uvuguvugu na pamba, akaanza kuwasafisha panya mmoja mmoja. Mjomba hakulirudia swali. Alikaa kando yake, akimshikia kila panya. Walipofika kwa panya wa mwisho, Hayrat akasema bila kuinua macho:

"Wenzangu wa shule watamwona, mjomba. Namwonea haya mama."