Mizani Isiyo na Kutu

Dirisha la nyuma lilikuwa wazi. Juu ya meza, vumbi la unga lilichora umbo la mizani isiyokuwepo. Sukari haikuguswa. Mchele haukuguswa. Hata chupa za mafuta ya taa zilikuwa mahali pake.

Inspekta Asheri alisimama ndani ya duka la Bibiana, mtaa wa Mabawa mjini Tanga, saa saba na nusu mchana, siku ya Ijumaa, mwaka 1956.

"Uliondoka saa ngapi, mama?"

"Saa sita na nusu. Nilikwenda kuteka maji."

"Na muhuri wa mizani unapigwa lini?"

"Leo, afande. Uwanja wa soko, mwisho saa kumi. Bila muhuri, leseni wanaichukua."

Bibiana alikuwa amekata mkonge shambani miaka tisa kabla ya kupata kibanda hiki cha mabati. Aliitazama mikono yake. "Huko mkonge sirudi," akasema.

Asheri alipaka unga wa kuchukulia alama kwenye fremu ya dirisha. Vidole vitatu vikajitokeza, vimejaa mafuta. Akanusa. Papa wa chumvi.

Ng'ambo ya njia, Bi Sabiha alikuwa akikaanga bagia.

"Shikamoo, Bi Sabiha."

"Marahaba, mwanangu. Bagia au maswali?"

"Maswali. Ulimwona nani mchana?"

"Saa ya sala ya Ijumaa? Wanaume wote msikitini. Mmoja tu kapita na kikapu kichwani, uso kauficha. Nikamwambia, wewe, Mungu anakuona hata chini ya kikapu. Hakucheka."

"Alielekea wapi?"

"Sokoni."

Mwizi aliyeacha sukari akachukua mizani, aliihitaji leo hii. Asheri akamchukua Bibiana, wakaenda uwanjani.

Wafanyabiashara wadogo walipanga mstari, kila mmoja kaikumbatia mizani yake kama mtoto mgonjwa. Watu hawa ndio wanaoulisha mji wa Tanga, na chuma kimoja kibovu kinatosha kuwafukuza sokoni!

Asheri akapita kwa wauza papa. Mizani zao zote zilikuwa zimetafunwa na kutu, maana chumvi ya papa haina huruma. Ya Uweso, mtu wa mtaa wa Usagara, ilikuwa imepakwa masizi. Chini ya masizi, chuma kilikuwa kizima.

"Bwana Uweso, umeuza papa miaka mingapi?"

"Saba."

"Kwa mizani hii?"

"Hii hii."

"Za wenzako zimeliwa. Yako mbona nzima?"

"Naitunza, bwana."

Asheri akaiondoa sahani. Chini yake, punje za sukari zilimetameta.

"Na papa wako unampima na sukari?"

Mstari mzima ukacheka.

"Nyoosha mkono. Tulinganishe vidole na vya dirishani."

Mkono haukunyooka.

"Nimeichukua mimi," Uweso akasema. "Yangu ilikatika juzi, chumvi imeimaliza. Fundi kasema haiungiki. Duka la jumla wakaniambia nisubiri meli ijayo. Meli haingojwi na muhuri, bwana. Miaka saba ya kazi ingefutika leo."

"Na yangu tisa?" Bibiana akauliza. "Mimi ulinifikiriaje?"

"Sikukufikiria, dada. Hilo ndilo kosa langu."

Asheri akaandika namba ya mizani daftarini, akamkabidhi Bibiana. "Kielelezo cha kesi kitakaa dukani kwako. Wahi muhuri."

Zilibaki dakika kumi kufika saa kumi. Karani akapima, akapima tena, kisha nyundo ikashuka juu ya muhuri. Bibiana akavuta pumzi ndefu.

Aliporudi, Uweso alikuwa bado ameinamisha kichwa mbele ya Inspekta.

"Banda lake litafungwa?"

"Hana mizani, mama. Na kesi itakwenda kwa hakimu."

"Basi papa wake waje kwangu, niwapimie wateja wake. Kila siku jani la mgomba chini ya papa, chumvi isile chuma, na sahani aioshe mwenyewe. Hakimu nitamwambia hivyo hivyo."

Uweso akainua macho. "Utaniamini, dada?"

"Sijasema nakuamini. Nimesema nitakupimia."

Uweso akakibeba kikapu cha papa, akakiweka miguuni mwa Bibiana. Kisha akatangulia kwenda kituoni, Inspekta akimfuata nyuma.