Okei Haibembei

"Ulisema okei!" alisema Mwantumu.
"Nilisema," alijibu Baba.
"Basi iko wapi?"
"Iko wapi nini, mama?"
"Bembea yangu!"

Mwantumu alipiga mguu chini. Tii! Kuku wakatawanyika uani. Kwe-kwe-kwe!

"Okei, okei," alisema Baba. "Leo."
Halafu akalala chali, akaingiza kichwa chini ya pikipiki yake. Ikabaki miguu tu.

Mwantumu ni binti wa miaka mitano. Anakaa Muheza, kwenye nyumba yenye mfenesi mkubwa uani.

Mfenesi ule una tawi moja nene, limelala sawasawa kama mkono wa mtu anayeomba kubebeshwa kitu. Lakini halikubeba kitu. Lilikuwa tupu.

Mwantumu aliliangalia tawi, akasema:
"Okei haina kamba.
Okei haina ubao.
Mimi nataka bembea!"

Okei ni neno la Kiingereza. Mwantumu alilisikia kwa Mwalimu Zuhura wa chekechea.
"Okei maana yake ni sawa," alisema Mwalimu.

Lakini Mwalimu Zuhura mwenyewe akipiga makofi, pa! pa! na kusema "Okei!", maana yake si sawa hata kidogo. Maana yake ni "Nyamazeni!"

Kumbe okei ni moja, maana ni kapu zima.
Na nyumbani kwa kina Mwantumu, kila mtu alikuwa na okei yake.

Mwantumu alichuchumaa karibu na miguu ya Baba.
"Baba, utanikatia ubao wa kukalia?"
"Okei."

Ilikuwa okei ndogo, kama punje ya karanga. Maana yake ilikuwa "Niache nifanye kazi." Spana ikaendelea kulia, kwi! kwi! Ubao haukukatwa.

Mwantumu akaenda kwa kaka yake, Mhando. Kaka Mhando alikuwa barazani, macho kwenye simu, anaangalia mpira.
"Kaka, utapanda juu ya mfenesi unifungie kamba?"
"Okeeeeei," alisema Kaka Mhando.

Ilikuwa okei ndefu, inanyooka kama ubani uliotafunwa. Mwantumu akaishuku. Akaamua kuijaribu.

"Kaka, utakula kiatu changu?"
"Okeeeeei."
"Na soksi?"
"Okeeeeei."

Aa! Kumbe hiyo maana yake ni "Sijasikia hata neno moja."

Mwantumu akaenda kwa Bibi. Bibi naye anaitwa Mwantumu, kwa hiyo wao ni masomo, watu wa jina moja. Bibi alikuwa amekaa mkekani, anachambua mchicha.

"Bibi, utanipa ile kamba ya mbuzi, ile nene ya zamani?"
"Okei, somo yangu," alisema Bibi. Akatikisa kichwa. Akatikisa tena, polepole. Kidevu kikashuka kifuani. Khorr... khorr...

Okei ya Bibi maana yake ilikuwa "Nasinzia."

Mbuzi akauona mchicha. Akanyata. Akatafuna kidogo, nyam, nyam.

Bibi akafungua jicho moja. "OKEI!" akapiga kelele, na ndara ikaruka hewani. Vuu!

Mbuzi alikimbia mpaka nyuma ya banda. Yeye okei yake aliielewa mara moja. Mbuzi ana bahati.

Mwantumu akaenda jikoni. Mama alikuwa anasonga ugali, na samaki wa nazi alikuwa anachemka pembeni. Bwata-bwata-bwata.

"Mama, kwani okei ni nini hasa?"
"Inategemea nani kasema."
"Na wewe ukisema?"
"Mimi nikisema?" Mama akacheka. "Unajua mwenyewe."

Ni kweli, Mwantumu alijua. Mama husema "Okei" kwa sauti ya chini, chini sana. Maana yake ni "Acha sasa hivi, kabla sijafika hapo." Hiyo haina haja ya kufundishwa na mwalimu.

"Na bembea yangu je?" aliuliza Mwantumu.
"Ubao si wangu, kamba si yangu, na mti sipandi," alisema Mama. "Mimi sikukwambia okei. Haya, chakula tayari. Chukua birika, ukawanawishe watu."

Pale nyumbani, kunawisha ni kazi ya mtoto aliye mdogo kuliko wote. Na mdogo kuliko wote ni Mwantumu.

Anashika birika kwa mikono miwili. Anapita kwa kila mtu, na anaanza na mkubwa. Beseni linakaa chini, mikono inakaa katikati, maji yanatoka juu. Chururu, chururu.

Hakuna anayegusa ugali kabla ya kunawishwa. Hata Baba. Hata mgeni aliyevaa koti.

Mwantumu aliliangalia birika. Lilikuwa limejaa.
Akaliangalia tawi. Lilikuwa tupu.
Akatabasamu upande mmoja wa mdomo.

Watu walikuwa wamekaa mkekani, chini ya mfenesi. Ugali ulikuwa katikati, unatoa moshi. Samaki wa nazi alinukia mpaka kwa jirani.

Bibi alinyoosha mikono. "Maji, somo."
"Okei, Bibi," alisema Mwantumu kwa adabu.
Birika halikuinama.

"Maji, somo yangu."
"Okei, Bibi."
Hakuna chururu.

Mwantumu akasogea kwa Baba. Mikono ya Baba ilikuwa myeusi kwa grisi.
"Maji, mama."
"Okei," alisema Mwantumu. Okei ndogo, kama punje ya karanga.
Hakuna chururu.

Akasogea kwa Kaka Mhando.
"We Mwantumu, mimina maji! Nina njaa!"
"Okeeeeei," alisema Mwantumu. Akaivuta, akaivuta, ikafika mbali.
Hakuna chururu.

Tumbo la Kaka Mhando likanguruma. Ngruuu!

"Mtoto huyu vipi?" alisema Baba. "Unasema okei, okei, na maji hatuyaoni!"

"Ndiyo, Baba," alisema Mwantumu. "Na mimi niliambiwa okei, na bembea siioni."

Baba akamtazama Bibi. Bibi akamtazama Kaka Mhando.

Mama, mlangoni, alikuwa ameuma pindo la kanga. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Mimi nakwenda kunawa mwenyewe mtungini," alisema Kaka Mhando. Akaanza kuinuka.
"Okei," alisema Mama. Kwa sauti ya chini, chini sana.
Kaka Mhando akakaa.

Mwantumu alilikumbatia birika lake. Si jambo dogo kuwanyima maji watu wazima. Lakini akasema:
"Okei haina kamba.
Okei haina ubao.
Mimi nataka bembea!"

"Tule kwanza, mama," alibembeleza Baba. "Bembea baadaye."
"Baadaye ni shangazi yake okei," alisema Bibi. "Mtoto anadai haki yake. Tulimwahidi au hatukumwahidi?"
"Tulimwahidi," alisema Baba.
"Mimi sikumbuki," alisema Kaka Mhando.
"Uliahidi hata kula kiatu changu!" alisema Mwantumu.

Baba akacheka mpaka akajishika mbavu. Grisi ikaingia kwenye shati.
"Haya," akasema. "Neno ni langu. Twende kazini."

"Kamba naitoa," alisema Bibi. "Lakini ikishafungwa, na mimi nipande."
"Wewe, Bibi?" aliuliza Kaka Mhando.
"Kwani mimi ni gunia la mahindi? Nami nina miguu ya kurusha! Umesikia, somo? Wewe kwanza, halafu mimi."
"Okei, Bibi!" alisema Mwantumu haraka haraka. Macho yake yalikuwa kwenye tawi.

Mama akaufunika ugali kwa kawa, usipoe.

Baba akakata ubao. Kwaru, kwaru, kwaru.
Bibi akaleta kamba nene ya mbuzi. Buru, buru, buru.
Kaka Mhando akapanda mfenesi. Paru, paru, paru.

Njaa ni fundi hodari. Haina habari ya simu wala mpira. Mara wakafunga, mara wakakaza.

Baba akakaa kwenye bembea kuijaribu. Tawi likalia, kweee! Likavumilia.
"Imara," alisema Baba.

Mwantumu akalichukua birika lake.
Bibi, chururu, chururu.
Baba, chururu, chururu, na sabuni, na chururu tena.
Kaka Mhando, chururu, chururu.
Na yeye mwenyewe alinawishwa na Mama.

Ugali ulikuwa umepoa kidogo. Hakuna aliyelalamika. Kusema kweli, Kaka Mhando alilalamika, lakini mdomo ulikuwa umejaa, kwa hiyo hakuna aliyemwelewa.

Baada ya kula, Mwantumu alipanda bembea yake.
Akaenda juu, bwee! Akaona mabati ya nyumba.
Akarudi nyuma, bwee! Akaona vidole vyake na kuku chini.

Baba akajinyoosha mkekani, akalala. Kaka Mhando akalala, simu kifuani. Mbuzi akalala. Jua likahama kwenye paa, kivuli cha mfenesi kikawafunika wote kama shuka.

Mwantumu hakulala. Bwee... bwee... bwee...

Bibi alikuja. Alikuwa amevua ndara, na kanga ameifunga kibwebwe, imara.
"Somo, shuka sasa."
"Okei, Bibi!" alisema Mwantumu.
Bwee!

"Somo."
"Okei!"
Bwee!

"Somo yangu."
"Okeeeeei!"
Bwee!

Bibi akaishika kamba kwa mikono miwili. Bembea ikasimama. Tii.

"Okei umeshanipa," alisema Bibi. "Sasa nipe bembea."